Jinsi ya Kuandika Historia ya Mji wa Pembezoni: Mfano wa Kigamboni

Karatasi nyingi za mji wa pembezoni ziko kwenye majalada yenye jina la mahali pengine. Ukiingia maktaba ukauliza Kigamboni, utapewa kidogo. Uliza Dar es Salaam, Temeke, bandari, bomba la mafuta au Chuo cha Kivukoni, ndipo Kigamboni inapoanza kujitokeza, kipande hapa, kipande pale. Kazi ya mwandishi ni kuvikusanya vipande hivyo na kuvirudisha kwenye ardhi vilikotoka.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu wanne hadi sita: walimu wa shule ya msingi, vijana wa mtaa, kamati ya msikiti au ya kanisa. Lengo ni kijitabu cha kurasa 32 chenye ramani, kazi ya miezi sita hivi kwa watu wenye shughuli zao nyingine. Mfano wetu ni Kigamboni, ng'ambo ya lango la bandari ya Dar es Salaam, lakini mkazi wa Mbagala, Kibaha, Mtwapa au Ongata Rongai atapita njia ileile.

Anza na mipaka

Kabla ya kuandika sentensi yoyote, tengeneza jedwali la safu tatu: mwaka, eneo lilikuwa chini ya mamlaka gani, na ofisi yake ilikuwa wapi. Kwa Kigamboni mistari mikubwa ni hii. Mwaka 1972 mabaraza ya miji nchini yalifutwa na kazi zake zikahamia mikoani. Mwaka 1978 yakarudishwa. Mwaka 2000 Dar es Salaam iligawanywa katika manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na Kigamboni ikawa Temeke. Mwaka 2015 na 2016 ndipo ikamegwa na kuwa wilaya na manispaa yake yenyewe.

Jedwali hili litawaokolea siku nyingi za kuzunguka. Anayetafuta barua ya mwaka 1975 kuhusu shule au zahanati asianzie manispaa, maana baraza la mji halikuwepo mwaka huo. Aanzie ofisi ya mkoa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Anayetafuta ramani ya viwanja ya mwaka 2005 aulize Temeke kabla ya kuhitimisha kwamba imepotea.

Mipaka isipojulikana, hata takwimu sahihi hudanganya. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,368,881 Temeke. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,346,674. Mwandishi mwenye haraka ataandika kwamba watu wa Temeke walipungua, na atatafuta sababu: labda walibomolewa nyumba, labda walihama. Hakuna aliyepungua. Mwaka 2012 Kigamboni ilikuwa ndani ya hesabu hiyo, na mwaka 2022 ilihesabiwa peke yake, watu 317,902. Jumlisha wilaya hizo mbili upate 1,664,576, yaani ongezeko la karibu watu 296,000 katika miaka kumi. Kila mnapolinganisha namba za miaka miwili, rudini kwanza kwenye jedwali mwone kama mnalinganisha eneo lilelile.

Tembeeni ardhi

Tafuteni ramani ya kipimo cha 1:50,000 kutoka idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi. Kwenye ramani hiyo sentimita moja ni mita 500. Chora mistari mitatu inayokata mji kutoka ufukwe wa Bahari ya Hindi hadi ndani, mmoja ukipita karibu na Feri, wa pili Mjimwema au Kibada, wa tatu kusini zaidi kuelekea Kimbiji. Itembeeni kwa miguu. Ukipita kwa bodaboda hutaona udongo ukibadilika kutoka mchanga mweupe kwenda mwekundu, wala mwamba wa matumbawe unaochomoza, wala mahali minazi inapokoma na miembe na mikorosho inapoanza.

Upande wa mkono wa bahari na mikoko nendeni siku za bamvu, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yakiwa yamekupwa. Pwani hii tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hupita mita tatu, kwa hiyo utaona ngazi za kale, magogo ya gati na njia za wavuvi ambazo siku za maji mafu hazionekani. Matembezi ya pili yafanyike katikati ya masika, Aprili. Andikeni maji yanaposimama. Wenyeji wa zamani waliyaacha mabonde hayo kwa sababu wanazozijua, na mara nyingi ndimo nyumba mpya zilimojengwa.

Visima vipewe daftari la peke yake. Andika kina, nani alichimba, kama ni cha kuteka kwa ndoo au cha pampu, na maji yake yanatumika kwa nini: kunywa, kufua, kumwagilia au kujengea. Karibu na bahari maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Pampu zikizidi, usawa wa maji baridi hushuka na chumvi hupanda kutoka chini, tena hupanda kwa kasi kuliko mtu anavyodhani: kwa kanuni, kila mita moja ya maji baridi inayoshuka, mpaka wa chumvi unaweza kupanda hadi mita 40. Ndiyo sababu kisima kilichonywewa na vizazi viwili kinaweza kuharibika ndani ya miaka michache baada ya majirani kuchimba. Mkipata kile kipimo kidogo cha kalamu cha kupima chumvi, pimeni na mwandike tarehe. Maji yanayopita miligramu 1,000 kwa lita huanza kuonja chumvi. Ukishajua maji baridi yalikuwa wapi, umejua vijiji vya kwanza vilikuwa wapi.

Alama za simu zina mtego wake. Chagueni mfumo mmoja wa kuandika, digrii zenye desimali tano, na msisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta. Ukiandika 6.85 badala ya -6.85, kisima chako cha Kigamboni kitaonekana Ethiopia.

Msipige picha kambi ya wanamaji wala matangi ya mafuta. Kwenye kijitabu inatosha kuyataja kwa maneno.

Nguzo za tarehe

Kabla ya kwenda kwa wazee, andaa orodha fupi ya mambo ambayo tarehe zake hazina ubishi. Hayo ndiyo mtakayopachikia kumbukumbu za watu. Orodha ya Kigamboni inaanza kabla ya Dar es Salaam yenyewe: vijiji vya Wazaramo na makazi ya kale ya Waswahili kama Mbwamaji, kusini mwa mji wa leo, ambako makaburi ya zamani yapo. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, na tangu hapo ng'ambo hii ikawa inautazama mji bila kuwa mji. Wajerumani wakafuata, kisha Waingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka 1961 Chuo cha Kivukoni kilianzishwa, na viongozi wengi wa TANU na wa serikali walipita pale; leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Katika miaka ya 1960 kikaja kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, halafu mwaka 1968 bomba la TAZAMA la kilomita 1,710 hadi Ndola, Zambia. Hapa msiishie kwenye tarehe, elezeni sababu. Serikali ya walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini, na mafuta yalihitaji njia mpya ya kufika baharini. Kigamboni ilikuwa na lango la bandari na ardhi tupu ng'ambo ya jiji. Mkulima wa minazi wa Kigamboni aliguswa na siasa za Salisbury, mji mkuu wa Rhodesia, bila kuvuka hata kivuko, na mwanafunzi wa darasa la sita analielewa hilo vizuri likielezwa.

Ongezeni Mbwamaji kugeuzwa kijiji cha ujamaa cha Gezaulole, tangazo la mwaka 2008 la mpango wa mji mpya wa Kigamboni, na Daraja la Nyerere, la mita 680 kati ya Kurasini na Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016. Msiandike historia ya mji mzima kana kwamba yote yalingoja daraja. Kivuko cha Magogoni kimewalea watu hawa kwa muda mrefu zaidi, na mpaka leo wako wengi wanaovuka kwa panton kila asubuhi.

Wazee: hapa ndipo kazi ilipo

Pelekeni kwanza barua kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Iwe na majina ya kikundi, kusudi, na sentensi moja iliyo wazi: kazi hii haihusu upimaji, uthamini wala fidia. Kigamboni sentensi hiyo ni ya lazima. Baada ya tangazo la 2008 watu walikaa miaka mingi bila kujua kama wajenge au wangoje, na mtu mwenye daftari na simu anayeuliza "shamba hili lilikuwa la nani" bado anatia hofu. Mjumbe wa eneo awatambulishe nyumba kwa nyumba. Ndiye anayejua nani ni mgonjwa, nani amefiwa, na nani hawasalimiani.

Wazee 12 hadi 15 wanatosha, mradi wasiwe wa aina moja. Nusu wawe wanawake. Chagueni wavuvi, wakulima wa minazi, mkunga wa jadi, mwalimu mstaafu, aliyefanya kazi kiwandani au kwenye kivuko, shehe, mzee wa kanisa, na angalau watatu waliohamia baada ya 1990. Kosa la kawaida ni kuelekezwa kwa mzee mmoja "anayejua yote", kisha kitabu kizima kikawa historia ya ukoo wake. Kosa la pili ni kuwahoji wanawake mbele ya waume au wakwe zao. Watawaachia hao waseme. Habari za maji, kuni, uzazi, mikeka na biashara ndogo ziko kwa kina bibi, nazo huchukua nusu ya maisha ya mji.

Mtu mmoja aulize, mwingine aandike. Mwulizaji awe mdogo kwa umri na heshima yake ionekane: shikamoo, habari za hapa, pole kwa kazi, kukaa chini ya usawa wa mzee kama amekaa kwenye mkeka. Kinasa sauti kisiwashwe mpaka mmeeleza kusudi na kupata ruhusa, halafu ruhusa yenyewe irudiwe ikinaswa: "Bibi, umekubali tukurekodi na tuandike jina lako?" Akikubali kurekodiwa lakini akakataa jina, heshimuni hivyo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hili ni suala la kisheria pia.

Msiulize mwaka. Wachache wana mwaka kichwani, na wengi watawapa wowote kwa adabu tu, wasiwavunje moyo. Ulizeni kabla na baada. Tuseme bibi anasema kisima cha mtaa kilichimbwa "wakati wa Nyerere". Hiyo ni 1961 hadi 1985, haifai.

"Kabla ya vita vya Iddi Amin, bibi, au baada?"

"Kabla. Mwanangu wa pili nilikuwa bado nambeba mgongoni."

"Huyo mwanao darasa la kwanza alianza lini?"

"Mwaka aliokufa Sokoine."

Waziri Mkuu Sokoine alifariki Aprili 1984. Mtoto aliyeanza shule mwaka huo akiwa na miaka saba hadi tisa alizaliwa kati ya 1975 na 1977 hivi, na vita vilianza mwishoni mwa 1978. Andikeni kwamba kisima kilichimbwa kati ya 1975 na 1978. Msiandike 1976 kwa kuwa inapendeza zaidi. Nguzo nyingine zinazokumbukwa na karibu kila mtu mzima ni Uhuru, Azimio la Arusha la 1967, operesheni vijiji ya 1973 hadi 1976, kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, mvua za El Nino za 1997 na 1998, msiba wa Mwalimu Oktoba 1999, na mabomu ya Mbagala Aprili 2009.

Jambo moja lisiingie kitabuni hata likisemwa kwa uhakika wote: mpaka wa shamba kati ya familia na familia. Mzee akisema mwembe fulani ndio mpaka, sentensi hiyo iliyochapishwa inaweza kupelekwa baraza la ardhi mwaka ujao, na nyinyi mkaitwa mashahidi. Andikeni kilimo, mazao, njia na majina ya mashamba. Mipaka iachieni mahakama.

Mahojiano yasizidi saa moja na nusu. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 hivi kutoka kwa mzee, mbali na feni na redio. Faili ya WAV ya mkondo mmoja hula takriban megabaiti 300 kwa saa. MP3 ya kawaida hula kama 60. Kwa hotuba ya mtu mmoja MP3 inatosha, ila hakikisheni nafasi kabla ya kuondoka nyumbani. Usiku huohuo nakilini sehemu mbili tofauti na simu, mkiita faili kwa mwaka, mwezi, siku na mtaa, kwa mfano 2025-06-14_Mjimwema_01. Kuandika saa moja ya sauti kwenye karatasi huchukua saa nne hadi sita. Vikundi vingi hukwama hapa: vina rekodi 30 na kurasa sifuri. Kwa hiyo msiende kwa mzee wa nne kabla ya kuandika maneno ya wa kwanza.

Picha za zamani msizibandue kwenye albamu. Zipigeni hapohapo, kando ya dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na picha. Ulizeni kila aliyemo, kutoka kushoto kwenda kulia, na mwandike papo hapo. Picha isiyo na majina haitasaidia kitu miaka 20 ijayo.

Mji unavyoishi leo

Sura hii hufanywa vibaya kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Kaeni Feri asubuhi moja ya siku ya kazi, saa 12 hadi saa 3, mkihesabu wanaoingia kivukoni kwa vipindi vya dakika 15, na muone wamebeba nini: samaki, nazi, mboga, begi la ofisi, sare za shule. Rudini jioni, saa 10 hadi saa 1. Fanyeni hivyohivyo Jumapili, watu wa ng'ambo wanapokuja ufukweni. Kurasa mbili zinazotokana na hesabu hizo zitaeleza uhusiano wa mji na jiji vizuri kuliko maelezo marefu.

Kisha orodhesheni vinavyowaunganisha watu: misikiti na madrasa, makanisa na jumuiya ndogondogo, vikoba, timu za mpira na viwanja vyake, vijiwe vya kahawa na bao, vituo vya bodaboda, soko la samaki, ulinzi shirikishi. Kwa kila kimoja mwaka wa kuanza, siku ya kukutana na mahali. Vikoba vitajeni kwa jina na siku tu. Fedha zao si za kuchapisha.

Chagueni jambo moja mlichunguze kwa undani, na msiba ndio unaofaa zaidi. Nani anatangaza, nani anashika daftari la rambirambi, turubai na viti vinatoka wapi, wapishi wanapangwaje, jirani wa dini nyingine ana kazi gani, na mpangaji aliyefika mwezi jana anategemewa kutoa nini. Mitaa mipya yenye kuta ndefu huendesha misiba tofauti na Tungi au Vijibweni ya zamani, na tofauti hiyo ni habari ya kweli ya mji unaokua.

Kuandika, kusoma kwa sauti, kuchapa

Kurasa za kijitabu cha pini ziwe namba inayogawanyika kwa nne, kwa sababu karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne za A5. Kurasa 32 ni karatasi nane, mbali na jalada. Ramani iwe ukurasa wa 16 na 17: pale katikati karatasi ni moja, haikatwi, na mstari wa barabara hautapishana. Toeni kurasa kumi kwa picha na ramani. Zinazobaki, kwa maandishi ya pointi 11, zitabeba maneno 5,000 hivi. Picha ya upana mzima wa ukurasa inahitaji pikseli 1,750 kwa upana. Zikitumwa WhatsApp kama picha za kawaida hupunguzwa, kwa hiyo zitumeni kama dokumenti.

Wazee wawili wakipingana, andikeni yote mawili na mtaje kila kauli ilitoka mtaa gani. Asili za majina ya mahali zina hadithi tatu tatu. Ukurasa mmoja unatosha kwa zote.

Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya wote waliohojiwa, siku moja, baada ya Alasiri, penye kivuli na chai. Wengine macho yameshachoka, na wengine watasikia kosa ambalo wasingeliona kwenye karatasi. Someni taratibu, simameni kila baada ya aya mbili, mtu mmoja aandike masahihisho kwa wino mwekundu. Tengeni saa tatu, maana ubishi utakuwepo, na mara nyingi ubishi huo ndio unaoleta habari ambayo hakuna aliyeitoa peke yake.

Ombeni namba ya ISBN kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kabla ya kupeleka kazi kiwandani, kwa kuwa lazima ionekane kwenye jalada. Nakala za kwanza ni za waliohojiwa. Zinazofuata ni za shule za msingi na sekondari za eneo, ofisi ya mtaa, ofisi ya kata na Maktaba Kuu ya Taifa. Acheni ukurasa wa 32 mtupu wenye mistari, kichwa chake "Masahihisho na nyongeza", pamoja na jina la shule ambako masahihisho yatapokelewa. Sauti za mahojiano, pamoja na karatasi za ruhusa, ziwekwe kwenye diski mbili: moja kwa mwalimu mkuu wa shule hiyo, nyingine kwa mwanakikundi anayeishi mtaa tofauti, na zifunguliwe mara moja kila mwaka kuhakikisha bado zinasomeka.